Aota yenye usaha: kutoka homa hadi bomba jipya

Karibuni tena, madaktari. Leo ni aota ya tumbo, mshipa mkuu wa damu kutoka moyoni, iliyovimba kwa maambukizi.

Mgonjwa mara nyingi ni mzee, homa haiishi, mgongo unauma. Hapa Nairobi atakuwa ameshapimwa Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, akaambiwa ni taifodi, akameza vidonge vya duka la dawa. Na kweli bakteria Salmonella ni mshukiwa mkubwa, yeye na Staphylococcus, ila Widal haikuambii kwamba ukuta wa mshipa unaliwa. Gusa tumbo jamani! Kuna donge linadunda? Picha ya CT yenye dawa ya mshipani, leo hii. Damu ya kuotesha vijidudu maabara ichukuliwe kabla ya antibiotiki. Chupa kwanza, dawa baadaye.

Picha hii hapa. Uvimbe wa kawaida hutanuka pande zote. Huu umechomoza upande mmoja kama kichuguu. Na vile vidoti vyeusi ni hewa... subiri, kamera imefifia. Haya, vile pale.

Kufungua tumbo mnajua, naruka. Kama hajapasuka, heparini ya kuzuia damu kuganda, kisha klampu, yaani vibanio, juu na chini, kwenye ukuta usioathirika. Kata kilichooza chote hadi ufikie nyama inayoshika uzi. Kipande kiende maabara.

Sasa bomba la kuziba pengo la aota uliyokata. Vena ya ndani ya paja ni nzuri lakini inakula muda. Mimi napenda utando wa moyo wa ng'ombe. Usuuze vizuri kwa salaini, umelala kwenye glutaraldehaidi, dawa ya kuuhifadhi. Zungushia sirinji ya mililita 20, shona kwa uzi wa polipropilini 4-0. Upande laini ndani! Kabla hujazungusha, geuza utazame tena. Sista, sogeza taa, hapa naona kivuli tu. Sawa. Mnaona unaong'aa? Huo ndio wa kukutana na damu. Wenye nyuzinyuzi, nje. Laini ndani.

Mazoezi? Mwombe muuza nyama wa soko la Burma hapa Nairobi utando wa moyo. Ni rahisi kuliko pedi ninazouza, shauri yangu.

Unganisha juu, unganisha chini. Mwambie daktari wa usingizi kabla ya kulegeza klampu, ulegeze taratibu. Funika bomba kwa omentamu, ule utando wa mafuta tumboni, lisibaki uchi. Antibiotiki wiki 6 au zaidi, kufuatana na kilichoota maabara.

Mnaoniuliza stenti, bomba linalopitishwa ndani ya mshipa bila kufungua tumbo: anayevuja damu itamvusha usiku huo, lakini usaha unabaki palepale.