Handbreki, Jino la Kumi na Moja, na Lile Jiwe

ATUPELE: Tumerudi jamani. Karatasi ya leo ina mambo matano, na la kwanza limenikuta Jumanne. Nimepaki Corolla kwenye mteremko unaoshuka kutoka mlima Loleza hapa Mbeya, handbreki nimevuta mpaka mwisho, nageuka kulipa parachichi, gari hiyo, inaondoka pole pole kama imeitwa.

LUSAJO: Ikaishia wapi?

ATUPELE: Kwenye jiwe.

LUSAJO: Jiwe la nani?

ATUPELE: Tuanze na handbreki, Lusajo.

LUSAJO: Jiwe la nani, dada? Wasikilizaji wanalijua. Lile la kuzuia tairi, lililochekwa humu wiki mbili zilizopita.

ATUPELE: Lako. Haya, umeridhika? Handbreki ilikuwa inakamata jino la kumi na moja.

LUSAJO: Kumi na moja hiyo si handbreki, hiyo ni bango. Gari nyingi za aina hiyo, ukivuta kwa nguvu ya kawaida, inapaswa kushika kati ya jino la tano na la nane. Unashusha chini kabisa, unapandisha taratibu huku unahesabu ule mlio: ka, ka, ka. Ikipita hapo, kuna nafasi imezidi mahali. Swali ni wapi.

ATUPELE: Na hapa ndipo watu wanapoharibu. Fundi anafungua kiboksi cha katikati ya viti, anaikuta nati ya kebo pale nyuma ya mkono wa handbreki, anakaza na spana namba 10 au 12, dakika tano, anapokea hela. Jioni handbreki inashika jino la nne na kila mtu anafurahi.

LUSAJO: Wiki moja.

ATUPELE: Hata wiki. Shida ni hii: ndani ya dramu, ule ungo wa chuma wa gurudumu la nyuma, kuna mkono mdogo unaovutwa na kebo. Ukiikaza kebo bila kugusa shuu, zile zinazobana dramu kwa ndani, ule mkono haurudi tena mahali pake pa kupumzika. Kwenye Toyota nyingi za dramu, ajasta, ile inayosogeza shuu karibu na dramu, inajirekebisha yenyewe kwa kuutegemea ule mkono urudi mpaka mwisho. Ukiuzuia, ajasta imelala. Shuu zinaendelea kulika, pedali inaanza kushuka, na wewe unadhani breki zina hewa.

LUSAJO: Au kinyume chake, shuu zinagusa dramu muda wote. Ukiteremka mlima wa Kitonga hivyo, unafika chini dramu inanuka.

ATUPELE: Kwa hiyo kebo ni ya mwisho. Gari iwe sehemu tambarare, tairi za mbele zimezuiwa...

LUSAJO: Kwa nini?

ATUPELE: Kwa sababu handbreki unaishusha, na nyuma kuko juu.

LUSAJO: Namaanisha zimezuiwa kwa kitu gani.

ATUPELE: (anacheka) Kwa jiwe, Lusajo. Mbele na nyuma ya tairi. Unalegeza nati za magurudumu kabla ya kunyanyua, unapiga jeki, unaweka stendi. Jeki peke yake usiiamini. Handbreki chini, nati ya kebo umeilegeza kabisa. Dramu ikigoma kutoka, usiigonge na nyundo pembeni, inapasuka. Toyota wameweka matundu mawili yenye nyuzi kwenye uso wa dramu. Ingiza bolti mbili za milimita 8, kaza moja kidogo, nyingine kidogo, inasukumwa nje.

LUSAJO: Ikiwa imelika na kuacha ukingo kwa ndani, hata bolti hazitaitoa. Hapo unazunguka nyuma ya bamba linaloshika shuu, unatoa kile kifuniko cha mpira, unaingiza bisibisi mbili: nyembamba inasukuma kile kiulimi kinachozuia ajasta, nyingine inazungusha meno kurudisha nyuma.

ATUPELE: Dramu ikitoka, usipulize lile vumbi, wala kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Kitambaa kilicholowa maji, basi. Kisha angalia unene wa lainingi, lile tabaka la shuu linalosugua dramu. Ikibaki milimita 1, badilisha, na ubadilishe pande zote mbili. Halafu inua kwa kidole ule mpira wa wili silinda, ile inayosukuma shuu ukikanyaga pedali. Ukikuta umajimaji, hapo hakuna cha kurekebisha. Silinda inavuja, na shuu iliyolowa mafuta ya breki haishiki hata uikaze vipi.

LUSAJO: Ajasta?

ATUPELE: Itoe, isugue kwa brashi ya waya, ifungue mpaka izunguke kwa vidole, grisi kidogo ya kuvumilia joto kwenye nyuzi. Kidogo, isije ikayeyuka ikaenda kwenye lainingi. Na usichanganye ya kulia na ya kushoto, nyuzi zake zinapishana. Ukizibadilisha, badala ya kutanua zinakunja. Ukirudisha, tanua jino kwa jino mpaka dramu iingie kwa kusugua kidogo sana. Kanyaga pedali mara kadhaa shuu zikae katikati, zungusha kwa mkono. Unataka mkwaruzo mwembamba, wa mzunguko mzima. Ukisikia unakuja na kuondoka, dramu si duara tena. Sasa ndiyo uguse kebo.

LUSAJO: Na ukishakaza nati ya kebo, handbreki chini, zungusha tairi zote mbili. Moja ikiwa nzito na nyingine nyepesi, kebo ya upande mmoja imenata ndani ya ala yake. Ndiyo maana mimi usiku wa mvua sivuti handbreki kabisa. Gia ya P ya otomatiki, jiwe mbele, jiwe nyuma, nalala.

ATUPELE: Hapana.

LUSAJO: Umepita madimbwi ya Uyole, maji yako kwenye dramu. Ukivuta, ukalala, asubuhi shuu zimenata kwa kutu. Unaondoka tairi haizunguki, au inajinasua kwa kishindo na kipande cha lainingi kinabanduka.

ATUPELE: Kabla hujapaki, tembea mita 100 ukiwa umekanyaga breki kidogo, dramu zipate joto zikauke. Kebo isiyovutwa ndiyo inayonata, Lusajo! Maji yanakaa humo, kutu inaingia, siku ukivuta hairudi.

LUSAJO: Navuta mchana.

ATUPELE: Na usiku unaitundika gari nzima kwenye kichuma kimoja ndani ya giaboksi kilichoingia kwenye jino? P haikuwekwa kubeba mteremko wa Isyesye.

LUSAJO: Haibebi. Jiwe ndilo linabeba.

ATUPELE: Jiwe linachukuliwa! Wewe una mawili, jirani anahitaji figa la tatu.

LUSAJO: Hapo ni suala la kuchagua jiwe. Usichukue la mtoni, la mviringo linazunguka pamoja na tairi. Tofali la saruji linamomonyoka. Na usichukue lile jepesi lenye matundu, la Rungwe.

ATUPELE: Linaloelea majini.

LUSAJO: Watu wanaliokota kwa sababu halichoshi kubeba! Gari likikaa juu yake, unga. Bora gogo la msindano, likatwe kama kabari, urefu wa robo ya tairi, libane katikati ya tairi upande wa mteremkoni. Yawe mawili.

ATUPELE: Na ukiondoka, uondoke nalo. Malori yanaacha mawe katikati ya barabara, bodaboda usiku halioni.

LUSAJO: Hapo tunakubaliana. Lile la handbreki, mimi bado.

ATUPELE: Na mimi bado. Vuta kila usiku.

LUSAJO: Si kwenye maji.

ATUPELE: Hata Juni.

LUSAJO: Juni ndiyo kabisa, baridi.

ATUPELE: Uko Kitulo wewe? Barafu iko Kitulo, hapa mtaani Forest hakuna barafu. Tumebakiza muda gani?

LUSAJO: Dakika moja na nusu.

ATUPELE: Basi tumekwisha. Kubadilisha kebo hatujagusa, kugeuza tairi pembeni unapopaki mlimani hatujagusa. Zile Toyota Mark II zenye diski nyuma, haraka: shuu za handbreki ziko ndani ya diski. Unatanua mpaka diski igome kuzunguka, kisha unarudisha...

LUSAJO: Meno manane.

ATUPELE: Meno manane. Mwenye kebo iliyonata atuandikie, tutaanza naye. Ndaga fijo, asanteni sana.

LUSAJO: Dada, jiwe langu liko wapi?

ATUPELE: Chini ya Corolla. Dramu moja bado iko mezani.