Mkono Mmoja, Kasi Mbalimbali: Pedro Martínez Alivyorusha

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimekuja na mpira mmoja tu wa besiboli, huu hapa mkononi, na nitamzungumzia mtu mmoja tu: Pedro Martínez, mrushaji kutoka Manoguayabo, Jamhuri ya Dominika. Michezo yake nimeirudia kuitazama hadi mingine naijua kwa ghibu, na kuna kauli moja juu yake ambayo siikubali. Watu husema alitamba kwa sababu ya kasi. Kasi alikuwa nayo, tena kali. Ila wapigaji hawakushindwa na kasi.

Tuanze na mwili, kwa sababu ndio uliomponza mwanzoni. Urefu wake ni kama sentimita 180, na alikuwa mwembamba. Los Angeles Dodgers, timu ambayo kaka yake Ramón alikuwa mrushaji, walimwona ni mdogo mno kuhimili kazi ya kuanza michezo msimu mzima. Msimu wa 1993 ulipokwisha wakampeleka Montreal Expos, nao wakapewa mchezaji Delino DeShields. Miaka minne baadaye Pedro alitwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi. Kisha akaenda Boston Red Sox, akaitwaa tena 1999 na 2000.

Sasa tazameni mkono wangu. Mpira wa kasi unashikwa hivi, vidole viwili juu, dole gumba chini. Vidole ndivyo vinavyousukuma mwishoni. Lakini angalieni nikiusogeza ndani ya kiganja. Kidole cha shahada kinashuka ubavuni, kinakutana na dole gumba, vinafanya duara. Mpira umebaki kwa vidole vitatu vya mwisho, ambavyo havina nguvu. Hii ndiyo chenjiapu. Mkono utazunguka kwa nguvu ileile, bega litajikamua vilevile, ila mpira utatoka polepole kwa sababu walioushika ni wanyonge. Pedro alijaliwa vidole virefu kuliko umbo lake, vinavyopinda kwa urahisi wa ajabu. Alipouachia, kiganja kiligeukia nje, dole gumba likatazama chini, na mpira ukazama ukikimbilia upande wa mkono wake wa kulia. Kwa mpigaji wa mkono wa kushoto, hiyo ni kumkimbia kabisa.

Fanyeni hesabu nami. Kutoka jukwaa la mrushaji hadi kibao cha mpigaji ni mita 18.44, na mkono wa mrushaji huuachia mpira ukiwa umeshasogea mbele kidogo. Mpira wa kilomita 153 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4. Chenjiapu iliyo chini yake kwa kilomita 25 hivi inachelewa kama sekunde 0.08. Mnaona ni kitu kidogo? Mpigaji aliyeamini mkono alipitisha gongo lake huku mpira ungali karibu mita 3 kutoka kwake. Ndiyo maana mnawaona watu wazima, mabingwa, wanajizungusha mpaka goti linagusa vumbi.

Na waliuamini mkono kwa sababu haukuwapa dalili. Hatua ileile, nyonga zikifunguka kwanza, kifua kikifuata, mkono ukija mwisho, kwa mshazari, chini ya kile kimo cha warushaji wanaopitisha mkono juu ya kichwa. Wengi wakirusha mpira wa polepole hupunguza mwendo wa mkono bila kujijua, na mpigaji mzoefu analiona hilo mapema. Kwa Pedro sijaliona.

Ushahidi wangu mkubwa ni usiku wa tarehe 11 Oktoba 1999, Cleveland, mchezo wa tano na wa mwisho wa mfululizo wa mchujo kati ya Boston na Cleveland. Katika mchezo wa kwanza Pedro alikuwa ametoka baada ya zamu 4 tu kati ya 9 za mchezo, mgongo umemwuma. Cleveland si timu ya kuchezea: msimu ule walikuwa wamepata mikimbio, yaani alama, 1,009. Mchezo ukafika 8 kwa 8, na katika zamu ya nne akaingia Pedro, mgongo bado haujapona. Kasi yake ya kawaida haikuwepo. Akarusha mipira ya kupinda, akarusha chenjiapu, akabadilisha mwendo kila mara. Zamu 6, hakuna hata mmoja aliyempiga mpira wa kufikia bezi, kituo cha kukimbilia. Wanane aliwatoa kwa straiki, yaani kwa kushindwa na mipira yake mara tatu. Boston wakashinda 12 kwa 8. Basi niambieni, kama kasi ndiyo iliyokuwa kila kitu, usiku ule alishinda kwa kitu gani?

Mwaka 2000 takwimu zake ni za kushangaza, nami sichoki kuzitaja. Kwa kila zamu 9 aliruhusu mikimbio 1.74 iliyohesabiwa juu yake, katika ligi ambayo wastani ulikuwa 4.91. Aliyemfuata katika Ligi ya Amerika, Roger Clemens, alikuwa na 3.70. Katika zamu 217 aliwatoa wapigaji 284 kwa straiki na kuwapa bezi ya bure, kwa mipira iliyokosa shabaha, mara 32 tu. Ilikuwa enzi ya wapigaji, mipira ikiruka uzio kila jioni.

Mwaka uliofuata bega lilimsumbua. Akarudi 2002 akashinda michezo 20, akapoteza 4.

Lakini nampenda mno kiasi cha kutoficha udhaifu wake. Oktoba 2003, mchezo wa saba na wa mwisho wa mfululizo dhidi ya New York Yankees, Boston walikuwa mbele 5 kwa 2 katika zamu ya nane. Kocha Grady Little akaja jukwaani, wakazungumza, akamwacha aendelee. Yankees wakasawazisha. Alikuwa amerusha mipira 123 alipotoka. Ninaamini uchovu haukumnyima kasi tu, ulimharibia ule ufanano: mkono uliochoka hauwezi kusema neno moja kwa mipira mitatu, wa kasi, wa kupinda na chenjiapu. Inaniuma hadi leo.

Mpira huu nitaupitisha safu kwa safu. Fanyeni lile duara, kisha mwachie jirani yenu. Mtahisi jinsi unavyotaka kuponyoka upande wa kidole kidogo.