Nimempeleka mwanangu Forest Green Rovers, uwanja wa kijani juu ya kilima

Asalaam aleikum ndugu zangu. Wagosi wa Tanga, hamjambo? Wazee wangu mnaotazama kwenye simu za wajukuu, shikamooni.

Samahanini kwa hiyo sauti, ni upepo. Niko juu ya kilima, na hilo jukwaa mnaloliona nyuma yangu ni la uwanja unaoitwa The New Lawn. Mji uko kule chini bondeni, unaitwa Nailsworth, mkoa wa Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza. Ni mji mdogo, watu wake hawafiki 10,000. Zamani mabonde haya yalikuwa na viwanda vya kufuma nguo za sufu, na majengo yake ya mawe bado yapo, tumeyapita tukija. Tumetoka Reading asubuhi kwa treni hadi Stroud, tukapanda basi mpaka Nailsworth, na kilima tumekipanda kwa miguu, mimi na mwanangu wa miaka tisa. Yule pale, mwenye skafu ya kijani. Mpungie mkono bibi yako.

Klabu yenyewe inaitwa Forest Green Rovers. Imeanzishwa mwaka 1889, na kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa klabu ya ligi za chini ambayo hata Waingereza wengi hawakuijua. Mwaka 2010 ilikuwa na hali mbaya ya fedha, ndipo akaingia mtu mmoja anaitwa Dale Vince. Huyu ni mfanyabiashara wa umeme wa upepo, na nyumbani kwake ni hapa hapa karibu. Kinu chake cha kwanza alikisimamisha mwaka 1996 kwenye kilima kingine, kijiji cha Nympsfield, maili chache kutoka hapa nilipo. Kampuni yake ni Ecotricity, na ndiye aliyeigeuza klabu hii ikawa ya kijani, yaani ya kutunza mazingira.

Sasa, kuna kitu nataka nikisimulie kwa utulivu kwa sababu ndicho kilichonigusa leo kuliko vyote. Ni chakula.

Mliokaa huku mnanielewa. Unampeleka mtoto uwanjani, mapumziko yanafika, watoto wote wanakimbilia dirishani kununua pai na hotidogi, na wako anakutazama. "Baba, hii naweza kula?" Unasoma maandishi, unamuuliza muuzaji kama nyama ni halali, imetoka wapi, naye hajui, foleni nyuma inalalamika, mwisho unamnunulia chipsi. Na chipsi zenyewe hujui zimekaangwa kwenye mafuta gani. Miaka yote ndivyo tunavyofanya. Mtoto amezoea, lakini mimi sikuwahi kuzoea kumwona anazoea.

Hapa hakuna nyama. Hakuna kabisa, si kwa mashabiki, si kwa wachezaji, si kwa wakubwa wa klabu wala wageni wao. Walianza mwaka 2011 kwa kuondoa nyama nyekundu, wachezaji kwanza, kisha sisi wa majukwaani. Ilipofika 2015 wakaondoa kila kitu kinachotoka kwa mnyama: maziwa, mayai, jibini, vyote. Na kinachotoka kwa mnyama ni pamoja na ile jelatini tunayoikwepa kwenye pipi za watoto. Sababu yao si yetu. Wao wanasema ufugaji wa kibiashara unachafua hewa na unatesa wanyama. Pombe wanauza, hiyo tunaipita. Lakini mwanangu leo amesimama mbele ya lile dirisha, amesoma orodha yote kutoka juu hadi chini, akaniuliza, "Baba, nichague chochote?" Nikamwambia chagua chochote.

Amechagua pai. Ndani kuna Quorn, kitu kinachotengenezwa kutokana na kuvu, ndugu wa uyoga, na ukiitafuna ina nyuzinyuzi kama kuku. Juu ni mchuzi mweupe wa soya. Nimeonja. Ni tamu, ina pilipili manga ya kutosha, na kwa baridi hii unaishika kwa mikono miwili ikupashe moto.

Binamu yangu nilipomwambia ninakokwenda alinitumia sauti: mpira gani bila mishkaki? Nimemkumbusha, na nawakumbusha nyote mliokulia Tanga. Mimi ni mtoto wa Makorora. Ami yangu alikuwa akinishika mkono kunipeleka Mkwakwani kuwaangalia Coastal Union, na mwaka 1988 waliponyakua ubingwa wa Bara nilikuwa na umri kama wa huyu mwanangu leo. Tulikuwa tunakula nini getini? Mihogo ya kukaanga na pilipili. Kachori. Bajia za kunde. Karanga kwenye karatasi iliyokunjwa pembe. Juisi ya ukwaju. Mishkaki ilikuwapo, ndiyo, kwa mwenye nazo, na jioni wakati wa kurudi. Chakula cha mpira chenyewe, kile cha kuanzia saa nane mpaka refa anapuliza, kilikuwa cha shambani. Kwa hiyo msiniambie hili ni jambo la Wazungu. Mama wa kachori wa Mkwakwani angefungua meza hapa leo asingebadilisha hata kiungo kimoja.

Tumalize chakula, tuje kwenye uwanja wenyewe.

Inueni macho kwenye paa lile. Zile mnazoziona zinang'aa ni paneli za sola, 180 kwa idadi, ziliwekwa Desemba 2011. Walipoziweka hesabu ilikuwa kwamba zinatoa kama asilimia 10 ya umeme unaotumika uwanjani. Unaobaki unatoka kwenye gridi, kwa mkataba wa umeme wa upepo na jua. Asilimia 10 inaweza kuonekana ndogo, lakini tazameni mbingu hiyo. Tangu asubuhi jua nimeliona mara mbili. Paneli hiyo hiyo ukiiweka juu ya bati la Tanga itakupa kwa mwaka takriban mara moja na nusu ya inachotoa hapa. Tatizo ambalo mtu wa nyumbani atakutana nalo ni saa za mechi: taa kubwa zinawaka usiku, jua limekwisha kulala. Hapa gridi inapokea umeme wao mchana na kuwarudishia usiku. Kwetu utahitaji mpango wa namna hiyo, au betri, na betri za kuwasha taa za uwanja ni ghali. Taa za ofisi, pampu ya maji, friji ya vinywaji, spika za mtangazaji, hivyo jua linaviweza hata kesho.

Nyasi sasa. Nimeomba ruhusa ya kusogea mpaka kwenye kizuizi, na mzee mmoja wa kujitolea getini ametupeleka mwenyewe, akamwambia mwanangu ainame aziguse. Nyasi hizi hazipigwi dawa ya kuua magugu wala ya kuua wadudu, na mbolea ya kiwandani haiingii. Magugu yanang'olewa kwa mkono. Na chakula cha nyasi, wagosi, ni mwani. Mwani! Unatoka Scotland. Nimesimama pale nikawaza akina mama wa Mkinga, wameinama kwenye maji kupwa, wanafunga mwani kwenye kamba, wanaukausha, unauzwa kwa kilo kwenda nje, halafu huku unalisha nyasi za mpira. Hilo nimeliandika kwenye daftari langu na nitalifuatilia.

Mwaka 2012 waliingiza mashine ya kukata nyasi inayojiendesha yenyewe, inaongozwa na satelaiti na inatumia umeme wa jua. Mwanangu alikuja na hamu ya kuiona hiyo, ila siku ya mechi haitembei.

Lakini mimi kilichonikalisha ni maji. Mvua inayonyesha juu ya uwanja huu haipotei. Chini ya nyasi kuna mabomba, maji yanachujika na udongo, yanakusanywa, halafu ndiyo yanayorudishwa kumwagilia. Ni hivyo tu. Hakuna mtambo wa ajabu hapo, ni mfereji na tangi. Nilisoma shule moja, sitaitaja, iliyokuwa na kiwanja kizuri mteremkoni. Masika ikija, maji ya paa la madarasa yote yalimwagika kona moja, yakachimba korongo kutoka golini mpaka barabarani. Kiangazi kikiingia, tunacheza kwenye vumbi mpaka macho yanawasha, na kunyunyizia hakuna kwa sababu maji hayatoshi. Maji yaliyotuharibia kiwanja Mei ndiyo hayo hayo tuliyoyakosa Septemba. Kila mwaka. Nilikuwa mtoto na nililiona, walimu waliliona, wazazi waliliona, na hapakuwa na mtu aliyesema tuweke tangi. Leo nimetazama mfuniko wa chuma kando ya uwanja huu, mzee yule akaukanyaga kwa mguu kunionyesha maji yanapita wapi, nikahisi kama mtu ananijibu swali nililoliuliza miaka thelathini iliyopita.

Hiki ndicho ninachotaka mkione. Klabu kubwa ina wadhamini ishirini, kila uamuzi unapita kamati kumi. Hapa watu zaidi kidogo ya 5,000 wakiingia, uwanja umejaa. Mwenye klabu akisema nyama basi, Jumamosi inayofuata nyama hakuna. Wapo mashabiki waliokasirika mwanzoni, waliotaka baga yao, na nawaelewa, mtu kazoea kitu tangu babu yake. Hata hivyo wakaendelea kuja, na wengine wakaja kwa sababu hiyo hiyo.

Na hawakukaa chini kwa kuwa kijani. Tarehe 14 Mei 2017 walikwenda Wembley, wakawafunga Tranmere Rovers 3-1, wakapanda kutoka daraja la tano na kuingia ligi rasmi ya Uingereza kwa mara ya kwanza tangu 1889. Nailsworth ikawa mji mdogo kuliko yote iliyowahi kuwa na timu kwenye ligi hiyo. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ukawatambua kuwa klabu ya kwanza ya mpira duniani isiyoongeza kaboni hewani. Mwaka 2019 walivaa jezi ambazo nusu ya kitambaa chake ni mianzi. Mtu wa Tanga akisikia hivyo lazima aukumbuke mkonge. Mwaka 2022 wakachukua ubingwa wa daraja la nne. Kisha mambo yakageuka, wakashuka 2023, wakashuka tena 2024, wakarudi daraja la tano walikotoka. Inauma, na nyuso za watu hapa zinaonyesha. Paneli ziko pale pale, pai ni ile ile.

Kuna jambo ambalo halijanikaa sawa na sitalificha. Huko kutoongeza kaboni kunahesabiwa hivi: unapima unachochafua, unapunguza unachoweza, kilichobaki unakilipia kwa miradi ya kusafisha hewa mahali pengine. Sehemu ya kupunguza naiamini, nimeigusa kwa mkono wangu. Sehemu ya kulipia siipi uzito huo huo. Na tazameni maegesho yale. Vipo vituo vya kuchaji magari ya umeme, vizuri, lakini magari mengi ni ya mafuta, kwa sababu mji huu hauna treni na kilima mmekiona. Kwa klabu yoyote ya mpira, safari za mashabiki ni sehemu kubwa ya uchafuzi wake, na paneli za paani haziwezi kuzifidia. Ndiyo maana wana mpango wa uwanja mwingine wa viti 5,000, karibu na barabara kuu ya M5, utakaojengwa karibu wote kwa mbao, michoro ya kampuni ya Zaha Hadid Architects. Kibali cha ujenzi walipewa Desemba 2019. Leo bado tunapanda kilima.

Mechi yenyewe siwaonyeshi, haki za matangazo haziniruhusu. Ila nimerekodi sauti ya watu walipofunga, nimeiweka mwishoni mwa video, fumbeni macho mnapoisikiliza. Ni uwanja mdogo kiasi kwamba unamsikia kipa akiwaita mabeki wake kwa majina.

Sasa tuko kwenye treni, ndiyo maana nimeshusha sauti. Kijana amelala, skafu ameikunja akaifanya mto. Kabla hajalala ameniuliza kama Mkwakwani nako ataweza kuchagua chochote. Nikamwambia Tanga yote atachagua chochote, kule ni kwetu. Akaniuliza tena, na maji ya mvua kule yanakwenda wapi?

Mlioko Tanga, nina ombi. Jumamosi hii nipigieni picha ya meza za getini, nani anauza kachori siku hizi, bei gani. Na mafundi bomba, au yeyote aliyewahi kuweka tangi la maji ya paa shuleni kwao, niandikieni lilibeba lita ngapi na liligharimu kiasi gani. Ile shule yangu paa lake bado nalijua lilivyo, kona ile ile. Nataka nianze kupiga hesabu.