Mbona Selimundu Haijaisha?

Shikamooni wakubwa. Na nyie vijana mliobanana kule nyuma, marahaba, hata kama hamjaamkia.

Nimeombwa nizungumzie mageuko ya viumbe, na najua somo hili likitajwa tu, watu hufikiria nyani. Leo nyani wapumzike. Tuzungumzie damu yetu wenyewe, maana kuna swali limekaa hapa Kanda ya Ziwa miaka yote. Selimundu inaua watoto. Zamani, kabla ya matibabu, wengi wa wagonjwa hawakufikisha miaka mitano, na mtoto aliyekufa haachi mtoto. Basi jeni inayoleta ugonjwa huu ilipaswa kupotea tangu enzi za mababu. Mbona bado ipo, tena kwa wingi?

Jeni ni maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini. Hii ya leo unazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na inaelekeza jinsi ya kutengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Protini imetungwa kama ushanga. Katika selimundu, shanga moja tu, ya sita kwenye mnyororo uitwao beta, si ile inayotakiwa: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Ni kosa la kunakili, herufi moja. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo inashikamana na kuwa nyuzi, seli inajikunja kama mundu, mishipa midogo inaziba. Aliyewahi kukesha na mtoto anayelia mifupa hahitaji picha.

Mwenye nakala moja tu ya selimundu tunamwita mbebaji, na kwa kawaida haumwi. Wabebaji wawili wakioana, kila mmoja anarusha shilingi yake: uwezekano wa mtoto kupata nakala mbili, yaani kuwa mgonjwa, ni robo. Kwa kila mimba! Watu hujipigia hesabu kwamba wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata ni salama. Shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana. Na kama kuna mama mkwe humu ndani, naomba anisikilize vizuri: nakala mbili hazitoki upande mmoja.

Turudi kwenye swali. Mwaka 1949 kijana aitwaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya na wakati huo akisoma Oxford, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wenye jeni hii walizidi asilimia 20. Kwenye nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Kabila halikueleza tofauti hiyo, wala lugha. Kilicholingana nayo ni mbu.

Baadaye akapima watoto 290 huko Buganda. Kati ya 43 wenye jeni ya selimundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, kama asilimia 28. Kati ya 247 wasio nayo, walikutwa 113, kama asilimia 46. Alichapisha matokeo mwaka 1954, na wengi hawakumwamini mara moja. Leo tunajua mbebaji huugua malaria kali mara chache zaidi. Mojawapo ya sababu ni kwamba kimelea kikiingia kwenye seli yake, seli hiyo hujikunja kwa urahisi, na bandama huiondoa kabla kimelea hakijazaana vya kutosha.

Sasa tazameni mizani. Mwenye nakala mbili za kawaida, malaria inamwinda. Mwenye mbili za selimundu, damu yake mwenyewe inamwinda. Mbebaji anapita katikati, anakua, anaoa au anaolewa, anarithisha. Huo ndio uteuzi asilia. Vitabu vya mtihani vinapenda kusema "mwenye nguvu ndiye anayebaki", nami sentensi hiyo siipendi kabisa. Nguvu gani? Jeni ileile ni kinga pale Kisumu na ni mzigo mtupu kwenye baridi ya Makete, ambako mbu ni wachache. Kinachohesabiwa ni nani ameacha watoto, mahali hapo, wakati huo.

Kosa jingine nalisikia hata kwa walimu wenzangu: eti malaria ilifanya damu ibadilike ili ijikinge. Hapana. Herufi ilikosewa kwa bahati, kama zinavyokosewa nyingine nyingi ambazo hatuzisikii. Malaria iliikuta tayari ipo, ikaipalilia. Darwin aliuona upaliliaji huo mwaka 1859 bila kujua kinachorithishwa ni nini. Mtawa Mendel, aliyechunguza urithi kwa kupanda njegere, alikuwa karibu na jibu, lakini wawili hao hawakuwahi kukaa meza moja.

Na kimelea nacho hakikulala. Klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, tuliimeza mpaka ikawa kama peremende, na vimelea vichache vilivyoweza kuistahimili ndivyo vikabaki kuzaana. Malawi waliiacha mwaka 1993. Miaka kadhaa baadaye vimelea vinavyouawa na klorokwini vilikuwa vimetawala tena, kwa sababu bila dawa ile, ule ustahimilivu ulikuwa mzigo tu.

Naona mkono kule nyuma. Sema, binti.

Anauliza: tukiimaliza malaria, selimundu nayo itakwisha? Swali zuri kuliko mhadhara wenyewe. Chukua watoto 100, wabebaji 20, mgonjwa mmoja. Jeni za selimundu ni ngapi? Ishirini kwa wabebaji, mbili kwa mgonjwa. Hata mgonjwa huyo asipoacha mtoto, zimepotea 2 kati ya 22. Zile 20 zimejificha kwa watu wazima wa afya ambao hawajui wanazo. Na siku hizi mgonjwa anapata dawa ya selimundu iitwayo haidroksiurea, anakua, anazaa, jambo la kushukuru. Kwa hiyo itapungua, ila polepole mno, vizazi kwa vizazi. Wajukuu zako bado watahitaji kupima damu kabla ya kuoana.