Kujiandaa Kuitembea Njia ya Appalachian: Mhadhara kwa Vijana wa Roanoke

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Nanyi vijana, karibuni. Nimeombwa nizungumzie matembezi niliyoyafanya mwaka 2022 katika Njia ya Appalachian, nikiwa na umri wa miaka 23, lakini waandaaji wamenisihi niiache safari yenyewe na nieleze ile miezi minane iliyoitangulia. Nimekubali bila ubishi, kwa kuwa sehemu kubwa ya yale yaliyonifikisha mwisho ilifanyika hapa mjini Roanoke, jimboni Virginia, kwenye ngazi za jengo letu na sakafuni mwa sebule ya mama yangu.

Wengi wenu mmeziona zile alama nyeupe zilizopakwa kwenye miti mnapopanda mlima McAfee Knob, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka hapa tulipo. Huenda hamkujua kwamba ukizifuata kuelekea kusini utafika mlima Springer, katika jimbo la Georgia, na ukizifuata kaskazini utafika mlima Katahdin, katika jimbo la Maine. Wazo la njia hiyo lilitolewa na Benton MacKaye mwaka 1921, ikakamilika mwaka 1937, na leo inapita katika majimbo 14 kwa urefu unaozidi kilomita 3,500. Sehemu yake ya juu kabisa, kilele cha Kuwohi, ina mita 2,025 tu, yaani haifikii hata nusu ya Kilimanjaro, na jambo hilo huwadanganya wengi. Ugumu wa njia hii hauko katika kimo bali katika kupanda na kushuka kusikokwisha, siku baada ya siku, kwa miezi mitano hadi saba. Kwa makadirio ya muda mrefu, kati ya watu wanne wanaoianza kwa nia ya kuimaliza, ni mmoja tu anayefika.

Nilipomweleza mama mpango huo, alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwanangu, sisi tulitembea kwa kukimbia. Wewe unamkimbia nani?" Wazazi wangu walitoka Fizi, mashariki mwa Kongo, kwa miguu hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wakavuka kwa boti hadi Kigoma, na mimi nikazaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Sikuwa na jibu la swali lile, na sikujaribu kulitunga. Nilimwonyesha ramani tu, nikamwambia mahali nitakapokuwa kila wiki na siku nitakazopiga simu. Nawashauri mfanye hivyo hivyo, kwa sababu mzazi mwenye ramani mkononi hulala usingizi tofauti na mzazi aliyeachiwa ahadi.

Tuje kwenye hesabu. Ukianza Georgia tarehe 1 Aprili na kujipa siku 180, utamaliza mwishoni mwa Septemba, kabla ya baridi ya Maine. Na ni lazima uwahi, kwa kuwa kwa kawaida Katahdin huanza kufungwa kwa wapandaji karibu na katikati ya Oktoba. Kilomita 3,500 kwa siku 180 ni takribani kilomita 19 kwa siku, lakini ukiondoa siku 20 za kupumzika na kufua nguo, zinakuwa karibu 22. Msidanganyike kuanza na hizo 22. Katika wiki mbili za kwanza nilijizuia nisizidi 14, huku vijana wenye nguvu kuniliko wakinipita wakiimba, na baadhi yao niliwakuta baadaye mjini wameweka barafu magotini. Misuli huzoea haraka. Kano na mifupa huchelewa.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi ingawa linauma. Nilitumia dola 7,200, vifaa vikiwemo, na nusu ya fedha hizo haikutumika msituni bali mijini, kwa chakula cha moto na kitanda, kwa sababu mtu aliyelowa siku tatu hana uwezo wa kubana matumizi. Wekeni akiba kwa miezi ya njiani, na juu yake miezi miwili ya kodi ya nyumba mtakaporudi bila kazi. Na aliye chini ya miaka 26, ambaye mzazi wake ana bima ya afya, aulize kama anaweza kubaki ndani ya bima hiyo, kwa maana sheria ya Marekani inaruhusu.

Sasa mzigo, na hapa nitakaa kidogo. Mara ya kwanza nilipopanga shanta langu, lilifika kilo 21 kabla sijatia chakula wala maji. Nilikuwa na visu vitatu, taa mbili, suruali nne, na shoka dogo ambalo mpaka leo sijui nilidhani nitalikatia nini. Nilitandika mkeka sebuleni, nikavipanga vyote, nikaanza kupima kimoja kimoja kwa mizani ya jikoni na kuandika daftarini. Mama alipita, akasimama, akauliza kila kimoja ni cha kazi gani. Kisha akaketi. Alinieleza kwamba alipotoka Fizi alikuwa na sufuria, chumvi, kiberiti na vitenge viwili, na kwamba waliojitwika zaidi walianza kuvitupa vitu siku ya pili, wakitupa kwanza vile walivyovipenda. Kipimo chake kilikuwa kimoja: kitu kisichofanya kazi mbili kibaki nyumbani. Kitenge kilikuwa blanketi, mbeleko, taulo, mfuko na pazia.

Jioni hiyo nilimsimulia habari za Emma Gatewood, ambaye mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, aliitembea njia hii yote akiwa amevaa raba, na begani amebeba mfuko alioushona mwenyewe. Badala ya hema alikuwa na pazia la bafuni la plastiki, la kujifunika mvua na kulala chini yake. Mama alicheka, akasema huyo bibi lazima aliwahi kuwa mkimbizi mahali fulani. Tulipomaliza, shanta lilikuwa na kilo 8: hema jepesi, mfuko wa kulalia, godoro dogo, jiko la gesi, chujio la maji, koti la mvua, nguo za kubadilisha za sufu, simu yenye ramani, na kitenge kimoja. Fulana za pamba tuliziacha zote, kwa kuwa pamba ikilowa huchelewa kukauka na humnyang'anya mtu joto lake.

Hesabuni tena: lita moja ya maji ni kilo moja, na chakula cha siku moja ni karibu kilo moja. Kwa siku nne hadi mji unaofuata, pamoja na lita mbili za maji, kilo 8 zinakuwa 14. Dagaa wakavu wa Kigoma ni chakula chepesi na chenye nguvu, na niliwala hadi Virginia. Ila harufu yao ni mwaliko kwa dubu, kwa hiyo vyakula vyote vikae ndani ya kopo gumu la kuzuia dubu, mbali na hema. Hata hivyo, mnyama wa kuogopwa zaidi ni kupe, aletaye ugonjwa wa Lyme, ambao ni maambukizi ya bakteria: pakeni nguo permethrini, dawa ya kuua wadudu, na mkague miili yenu kila jioni. Na mikono ioshwe kwa sabuni na maji, kwa maana dawa ya kusugua viganjani haiviui vizuri virusi vya norovirusi, vinavyoleta kutapika na kuhara, na virusi hivyo huweza kuenea haraka katika vibanda vya kulala.

Viatu nunueni vikubwa kuliko kawaida yenu, kwa sababu miguu huvimba; mimi nilimaliza jozi tano. Malengelenge yatibiwe pale unapohisi joto kidoleni, si jioni.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni usiku mmoja wa Novemba, hapa hapa milimani kwetu, mvua iliponinyeshea katika hema nililolifunga vibaya. Nilitetemeka hadi alfajiri, nikashuka, nikapanda basi, nikanywa chai nyumbani. Kosa hilo lilinigharimu nauli tu. Kosa lile lile katika zile kilomita 160 za karibu na mwisho, huko Maine, ambako hakuna mji wala duka, lingekuwa jambo jingine. Fanyeni makosa yenu karibu na basi.

Jumamosi ijayo tutapanda McAfee Knob, kilomita 13 kwenda na kurudi. Njooni na viatu mlivyonavyo na mizigo mnayodhani mtaihitaji. Mizani nitaileta mimi, na mama ameahidi kuja kukagua.