Mwenda Tezi na Omo: Mhadhara Kuhusu Boti Kubwa za Kasi

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Kabla sijaanza, hebu tazameni mlivyokaa. Mabaharia wa Mji wa Kale wamejibanza nyuma karibu na mlango, na wageni waheshimiwa wamewekwa mstari wa mbele. Nimecheka moyoni, maana baharia hata akiwa ukumbini haendi kukaa omo, yaani mbele ya chombo. Na mhadhara wangu wa leo ni huo huo: katika boti kubwa inayokwenda mbio, nani akae wapi.

Methali mnaijua: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Shuleni tuliambiwa inamhusu mtu aliyezurura akarudi kwao. Sawa. Lakini mimi nimefanya kazi ya vyombo tangu utoto, na kwangu methali hii kwanza ni maelezo ya jahazi. Omo hupanda na kushuka kuliko sehemu nyingine yoyote. Tezi, yaani nyuma, inafuata. Ngamani, pale kati na chini, ndipo penye utulivu. Abiria aliyezidiwa na kichefuchefu njia ya Lamu hapelekwi omo akapigwe upepo. Hulazwa katikati, akafunikwa kanga, akaachwa.

Sasa boti zenyewe. Siku hizi unaziona moja moja zikiingia Mtwapa, kaskazini ya Mombasa: faiba tupu, urefu kuanzia mita 11 hadi 18, mashine tatu, nne, hata sita zimepangwa tezi kama meno. Usukani umesimama katikati chini ya paa, nawe unaweza kuizunguka boti nzima pasi na kuruka kitu. Waundaji huiita konsoli ya kati. Mbele ya konsoli, pale ambapo zamani palikuwa na sitaha iliyofungwa, sasa pako wazi: makochi, mito, mahali pa kutia glasi, spika za muziki. Hiyo ndiyo naiita omo wazi.

Ili muelewe kwa nini nalalamika, lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1960 kulikuwa na mashindano ya boti kutoka Miami, Marekani, hadi Nassau, Bahamas. Bahari siku ile ilichafuka. Boti moja ya mbao iitwayo Moppie ikafika kwa muda wa saa nane hivi, na nyingi katika zilizosalia zikafika siku ya pili. Tumbo la Moppie lilichorwa na Raymond Hunt, naye alifanya jambo moja: aliichukua ile V ya omo akaipeleka mpaka tezi, badala ya kuiacha ilale bapa nyuma kama ilivyokuwa desturi. Pembe yake ni kama digrii 24 kila upande. Boti ikidondoka kutoka juu ya wimbi, V inayapasua maji. Bapa huyapiga kofi. Boti za kasi mnazoziona leo, karibu zote ni wajukuu wa tumbo lile.

Akaja Don Aronow, mtu wa Miami, akaanzisha viwanda vya Formula, Donzi, Magnum na Cigarette, na hilo jina la mwisho watu wakalibandika kwa kila boti ndefu nyembamba ya mbio. Tazameni picha zake za zamani. Sitaha imefungwa toka omo hadi zaidi ya nusu ya boti, na watu wamesimama nyuma, migongo imeegemea viti virefu, magoti yamelegezwa. Chini ya sitaha kuna kijichumba chenye kitanda ambacho hakuna mtu anayekilalia boti ikiwa mbioni. Mpangilio ule ulikuwa wa kibahili na usio na raha, lakini ulijua jambo moja: omo ni ya wimbi, si ya mtu.

Konsoli ya kati haikutoka kwa watu wa mbio. Ilitoka kwa wavuvi wa mshipi. Samaki mkubwa akinasa haulizi wewe umekaa upande gani. Akizunguka boti, nawe sharti uzunguke. Kwa hiyo wakautoa usukani ubavuni, wakausimamisha kati, wakaacha njia pande zote. Zilikuwa boti ndogo. Kilichozikuza ni mashine za nje. Mwaka 2007 Yamaha walitoa ya nguvu za farasi 350. Mwaka 2019 Mercury wakatoa ya 450, na mwaka 2021 ile ya silinda 12 yenye farasi 600. Mashine ikihamia nje ya tumbo, nafasi yote ya ndani inabaki tupu, na tajiri akiona nafasi tupu huiwekea kochi. Cigarette wenyewe, waliokuwa mabingwa wa sitaha iliyofungwa, wakaunda boti ya futi 59, karibu mita 18, konsoli ya kati, mashine sita za 450. Hizo ni farasi 2,700. Msiniulize habari za petroli. Mashine sita kama hizo zikifunguliwa zote hunywa mamia ya lita kwa saa.

Kwa konsoli ya kati sina ugomvi kabisa. Ni ngamani ile ile, imewekewa usukani. Nahodha yuko kati, anaona pande zote, na kwenye boti kubwa mle ndani ya konsoli kuna choo, jambo ambalo akina mama walioenda Wasini kwa mashua wataniunga mkono. Ugomvi wangu ni makochi ya mbele.

Boti ikishapata mbio hupanda, ikateleza juu ya maji, na sehemu inayogusa maji ni ile ya nyuma tu. Mashine nazo ziko nyuma: ile ya farasi 600 moja ina zaidi ya kilo 550, basi nne ni zaidi ya tani mbili. Mkumbuke bembea ya ubao wanayochezea watoto. Hapa mhimili haupo katikati ya ubao, umesogea kuelekea tezi, na mgeni wako amekaa ncha ya mbali kabisa. Wimbi linaloinua tezi shibiri moja linaiinua omo kimo cha mtoto, kisha linaiachia. Aliyesimama ana magoti. Aliyekaa kwenye mto ana uti wa mgongo tu. Kule Uingereza wachunguzi wa ajali za baharini wamekuta abiria wa boti za kutembeza watalii waliovunjika pingili za mgongo, nao walikuwa wamekaa mbele. Na ubaya wake ni kwamba nahodha hana habari. Yeye yuko nyuma, pengine kiti chake kina springi, anaona safari ni nzuri. Anayeumia siye anayeshika mafuta.

La pili ni maji, na hapa nataka twende polepole, maana ndipo nilipoumbuka mimi mwenyewe.

Ilikuwa Julai, Kusi, upepo wa kusini, limekaza. Nilikuwa naendesha boti ya mita 9, omo wazi, mali ya bwana mmoja ambaye si lazima nimtaje. Wageni sita kutoka bara, wanne wamekaa mbele wakipiga picha. Tulikuwa tunatoka mlango wa Mtwapa wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, nayo yanatoka. Wenyewe mnajua: maji ya hori yanakimbilia nje, Kusi linasukuma ndani, na wimbi linasimama wima kama ukuta wa boma. Nikaliona moja kubwa mbele yangu, nikaogopa, nikarudisha mafuta yote kwa ghafla. Kosa langu, na wala sikusukumwa na mtu. Boti iliyokuwa imepanda ukiinyima mafuta hivyo, omo huanguka. Ikaanguka kwenye bonde, ikachomeka ndani ya wimbi lililofuata. Maji yakaingia yote kwa pamoja. Mama mmoja alivunjika kifundo cha mkono, na boti ikawa nzito mbele, haitaki kuinuka, na wimbi jingine linakuja.

Tulitoka, alhamdulillahi. Lakini usiku ule nilichukua kalamu. Sehemu ya mbele ilikuwa urefu wa mita mbili na nusu, upana mita mbili. Maji yakisimama humo sentimita 20 tu, yaani chini ya goti, ni mita moja ya ujazo. Maji ya bahari ya kiasi hicho yana zaidi kidogo ya kilo 1,000. Ni kama nimeegesha gari la Probox juu ya omo. Tena Probox ingetulia mahali pake, maji hayatulii. Boti ikilala kushoto yanakimbilia kushoto, yanaizidisha kulala.

Nikapiga hesabu ya tundu za kutolea maji. Zilikuwa mbili, kipenyo sentimita 5 kila moja. Kwa kina kile, hata tundu zikiwa safi bila kanga ya mtoto iliyoziba, na mdomo wake wa nje uko juu ya maji, inachukua kama dakika saba kumaliza. Dakika saba! Mawimbi ya Kusi yanahesabiwa kwa sekunde. Wazee wetu wa jahazi nao walikuwa na chombo kilicho wazi, lakini walisuka makuti wakayapandisha ubavuni kuzuia maji, na walikuwa na mtu wa kukumba maji ambaye kazi yake ni hiyo tu. Boti ya leo imeondoa makuti, ikamwondoa na mtu wa kukumba, mahali pake ikaweka kishikio cha glasi.

La tatu ni la usukani, nitalipitia haraka kwa sababu fundi mwenzangu pale amekwisha tazama saa. Boti nyingi za kasi siku hizi zina ngazi tumboni, yaani vidato vilivyokatwa kukingama, kimoja au viwili, vinavyovuta hewa chini ili tumbo lisiganduke na maji. Vinaongeza mbio kwelikweli. Lakini ukizijaza boti hizo watu mbele, omo inazama, inashika maji, na tezi inabaki nyepesi. Ukikata kona kwa kasi, omo inang'ang'ania na tezi inateleza nje. Boti inazunguka kama pia ya mtoto. Watu wa mbele ndio hutupwa kwanza, na hutupwa upande wa nje wa kona, kule boti ilikokuwa ikielekea kabla ya kuzunguka. Kwa hiyo ile kamba ya kuzimia mashine, ifungeni mkononi. Marekani tangu Aprili 2021 ni sheria kwa boti zilizo chini ya futi 26. Hapa kwetu naikuta imening'inizwa kwenye usukani kama tasbihi.

Nisije nikaonekana mzee anayechukia kila kipya. Ziko omo wazi zilizoundwa na mtu aliyewahi kulowa. Utazijua: kuta za mbele zimepanda mpaka pajani, zimefunguka kwa nje ili kurusha maji mbali, tundu za maji mkono unaingia, na kiti cha mbele kimeegemezwa kwenye konsoli yenyewe, si kwenye pua ya boti. Kiti hicho cha konsoli mimi nakikubali. Ukuta wa kimo cha goti siukubali, huo haukuzuii kuanguka, unakukata mtama.

Nipeni swali. Ndiyo, kijana mwenye kofia.

Anasema bosi wake amenunua boti ya mita 12 iliyotumika, ina kochi la duara omo kabisa, na bosi anataka wageni wakae pale mpaka kwenye pomboo. Yeye ni nahodha tu, afanye nini?

Mwanangu, bosi usimkatalie kwa maneno. Ndani ya mwamba, maji yamelala, waache wakae, wapige picha zao, ndicho alichokinunulia. Ukifika mlangoni punguza taratibu, wala usifanye kama nilivyofanya mimi, kisha wasimamishe wote waje nyuma ya konsoli. Chukua ile mito uifunge ndani, maana mto ukiwepo mtu atakaa. Weka mnyororo mdogo kila upande wa konsoli. Mgeni asiyejua bahari humbishia nahodha, lakini mnyororo hajui aubishie vipi.

Na kabla ya hayo yote, Jumamosi bosi akiwa Nairobi, ifunge boti gatini. Ziba zile tundu kwa matambara, ujaze sehemu ya mbele maji mpaka kifundo cha mguu. Uisimamie pembeni, utazame omo inavyozama. Ndipo uyatoe matambara, uhesabu dakika. Uandike kwenye karatasi, umwoneshe yeye mwenyewe namba. Mpira wa maji uko pale gatini. Saa kama huna, nitakuazima yangu.