Ofisi ya Watu Wanane: Wanayoyasema Wafanyakazi wa Kampuni Ndogo za Matangazo

Ndugu zangu, habari za mchana. Nawashukuru walimu walionialika, nanyi wanafunzi wa mwaka wa mwisho mlioacha chakula mkaja kunisikiliza.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya ndani ya kampuni ndogo ya matangazo. Nimefanya kazi katika kampuni za aina hiyo hapa Dar es Salaam, na walioko huko bado ni rafiki zangu. Ninalo jambo moja, na nitalisema mapema: watu hawa wanaipenda kazi yao kuliko wafanyakazi wengi ninaowafahamu, na wengi wanaoondoka wanaondoka kwa sababu ya fedha wasizoelezwa. Mshahara mdogo wanauvumilia. Kufichwa hawakuvumilii.

Nianze na hayo mapenzi, maana ni ya kweli. Katika kampuni kubwa, kijana aliyeajiriwa kuandika matangazo anaweza kukaa mwaka mzima akiandika vipeperushi vya benki moja. Katika ofisi ya watu wanane, ndani ya wiki moja anaandika tangazo la redio la sekunde 30 la unga wa sembe, anaingia studio kumwelekeza msomaji, anabishana na mchoraji juu ya bango la Barabara ya Bagamoyo, na Ijumaa anakaa meza moja na mteja kutetea alichokiandika. Kisha anapanda daladala, redio ya dereva iko wazi, anasikia abiria akiurudia mstari wake. Muulizeni yeyote aliyewahi kusikia hivyo kama anakumbuka alilipwa shilingi ngapi mwezi ule.

Tena kuna faida ya chumba kimoja. Mwaka 1949 kule New York, Bill Bernbach na wenzake walifungua kampuni ya Doyle Dane Bernbach, na Bernbach akawaketisha mwandishi na mchoraji pamoja ili wazo lizaliwe kwa wote wawili. Kabla ya hapo kawaida ilikuwa mwandishi anamaliza maneno yake, karatasi inapelekwa kwa mchoraji aichoree picha. Miaka 10 baadaye kampuni hiyo ikatoa yale matangazo ya Volkswagen mnayofundishwa hapa darasani. Ofisi ndogo ya Mikocheni, hapa jijini, ina utaratibu huo bila hata kuupanga, kwa sababu chumba chenyewe ni kimoja. Mkipata nafasi ya kujifunza kazi hivyo, ishikeni.

Sasa tuje kwenye fedha. Naomba mnisikilize vizuri, maana sidhani kama kuna kozi inayolifundisha hili.

Tuseme mteja, kampuni ya simu, ametoa kazi ya shilingi milioni 50. Kampuni inapokea LPO, yaani hati ya mteja ya kuagiza kazi, shangwe ofisini. Siku hiyohiyo mchapaji wa mabango anataka malipo ya awali, na kituo cha redio kisichoifahamu kampuni vizuri kinataka pesa yote kabla tangazo halijaenda hewani. Kazi inafanyika, ankara inatoka, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, inatoka. VAT ya asilimia 18, yaani milioni 9 juu ya zile 50, inatakiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amelipa au hajalipa. Kodi ya mishahara nayo inatakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Na mteja? Mteja analipa baada ya siku 60, wengine 90, na akilipa anakata kwanza kodi ya zuio, asilimia 5 ya ada ya huduma, anayoipeleka TRA kwa niaba ya kampuni. Kwa hiyo kampuni ndogo inamkopesha mteja mkubwa, na mshahara wako uko ndani ya mkopo huo. Wewe mbunifu umekuwa mkopeshaji wa kampuni ya simu bila kusaini popote.

Hapo ndipo uchungu unapoanzia. Tarehe 30 inapita, tarehe 5 inapita. Bosi haonekani. Bando la ofisi limeisha, hakuna anayeliongeza. Watu wanaanza kusoma dalili: nani kaitwa ndani, nani kapewa kidogo cha nauli, mbona gari la bosi limebadilishwa. Kisha Jumamosi ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp: njooni wote, Jumatatu tuna pichi, yaani tunakwenda kumshawishi mteja atupe kazi. Na unamalizia kwa kusema sisi ni familia. Jamani, kwenye familia mtoto anaambiwa kama unga umeisha. Kumwita mtu ndugu siku ya kazi na kumfanya mgeni siku ya hesabu ni kumdhulumu, na nalisema hilo mbele ya wamiliki wowote waliomo humu ukumbini, kwa heshima zote.

Nimewahi kufanya kazi kwa mama mmoja aliyeendesha mambo kwa namna nyingine. Kila Jumatatu asubuhi aliandika ubaoni majina ya wateja, ankara zilizotoka na zilizolipwa. Kulikuwa na mwezi mgumu ambao mshahara uligawanywa mara mbili. Alitueleza kabla, akataja tarehe ya nusu ya pili, na akatuonyesha kwamba yeye mwenyewe hajachukua kitu. Hakuna aliyeondoka. Tena yule dada wa mapokezi, ambaye hakuwa na kazi yoyote na wateja, ndiye aliyeanza kuwapigia simu wahasibu wao kila asubuhi mpaka wakalipa. Watu wakijua tatizo wanalibeba.

Kibaya zaidi ya mshahara kuchelewa ni michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, isiyopelekwa. Mchango kwa jumla ni asilimia 20, na sehemu yako haizidi 10. Makato yanaonekana kwenye karatasi ya mshahara, lakini ukienda kuangalia taarifa zako unakuta miezi mitupu. Pesa ile ilishakuwa yako. Angalieni taarifa zenu mara kwa mara, msisubiri mpaka mtakapoacha kazi.

Kuhusu saa za kazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki 4, na zinalipwa mara moja na nusu. Ni wachache sana niliowasikia wakilipwa hivyo. Kwenye matangazo kukesha kumefanywa sifa, na mimi naliona hilo kuwa la hatari. Desemba 2015 huko Tokyo, binti wa miaka 24 aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi Dentsu, kampuni kubwa kabisa ya matangazo ya Japani, alijiua baada ya kufanya kazi kupita kiasi. Mwaka 2017 mahakama iliitoza kampuni hiyo faini ya yeni 500,000, na Japani ikaja kuweka kikomo cha kisheria cha saa za ziada. Ile ni kampuni ya maelfu ya watu, yenye idara ya rasilimali watu. Ofisi ya watu wanane haina idara hiyo. Wa kukuambia nenda nyumbani ni mwenzako wa meza ya pili, basi mwambianeni.

Akina dada wameniomba niseme na la uzazi. Likizo ni siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mchoraji akiwa mmoja tu, ofisi nzima inatetemeka akienda likizo, na wengine hupigiwa simu wakiwa bado wodini. Mmiliki ana miezi ya kutosha kumtafuta wa kushika nafasi hiyo. Aitumie.

Mwisho, siku ya usaili ulizeni mteja mkubwa wa kampuni analeta sehemu gani ya mapato. Kama ni zaidi ya nusu, fahamuni kwamba siku atakapoondoka na ninyi mtapunguzwa. Ikifika hapo, sheria inataka mpewe taarifa na mshauriane na mwajiri kabla ya kupunguzwa. Aliyetimiza miezi 12 analipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Nawafahamu wabunifu hodari waliotoka na begi la kompyuta na asante, kwa sababu hawakujua kwamba kitu hicho kipo. Ninyi sasa mnajua. Karibuni maswali.